Mdudu wa Mtungini Aitwaje?

Kijana mmoja wa Kiandutu, karibu na mji wa Thika, ametuletea swali ambalo naona lastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Alinunua mdudu kwa utingo wa lori la Mombasa, akamweka katika mtungi wa kioo. Majirani wamemwambia amtie moto upesi, kwa kuwa ana sumu kupita nge. Yeye ataka kwanza kumjua jina. (Mahali palipopewa jina kwa ajili ya funza, ambao Wakikuyu huwaita ndutu, si ajabu watu kuchukia kila kitambaacho.)

Tuondoe kwanza hofu. Ikiwa mdudu huyo ni bapa, hana mkia, ana mikono miwili yenye miiba, na miguu yake ya mbele ni mirefu na myembamba kama mijeledi, basi si buibui wala si nge, ijapokuwa ni wa jamaa yao. Hana sumu, wala hafumi utando. Ana miguu 8 lakini hutembea kwa 6. Ile mijeledi 2 ni ya kupapasia gizani, kama kipofu apapasavyo kwa fimbo. Miiba yake yaweza kukwaruza kidole, hapana zaidi.

Sasa jina. Katika Kenya na Tanzania ajulikanaye zaidi ni Damon diadema, ambaye Mfaransa Eugène Simon alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Miguu yake ikitandazwa yaweza kufika sentimita 20. Hata hivyo, wauzaji wa ng'ambo walimwuza kwa miaka mingi kwa jina la nduguye, Damon variegatus, na wanunuzi wakaliandika jina hilo juu ya masanduku yao bila kuuliza. Mwaka 1999 Mjerumani Peter Weygoldt aliwachunguza upya Damon wote. Kuwapambanua kwataka kutazama mpangilio wa miiba ya mikono na umbo la viungo vya uzazi chini ya tumbo. Rangi haitoshi, maana mdudu aliyejivua gamba jana hafanani na alivyokuwa juzi.

Kwa hiyo jambo la kwanza atakaloulizwa na mtaalamu ni hili: alitoka wapi? Lori la Mombasa hupita Mariakani, Voi na Mtito Andei. Je, aliokotwa pangoni, au chini ya gome la mti, au ndani ya shehena iliyotoka mbali? Kijana hakuuliza. Bila mahali, jibu la haki ni Damon, labda diadema. Adaiye zaidi ya hayo kwa kutazama picha moja anabahatisha tu. Na amtafute yule utingo.

Mwaka 2006 Linda Rayor na Lisa Taylor wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza waliyoyaona kwa diadema. Mama huwabeba watoto mgongoni mpaka wajivue gamba la kwanza, kisha huendelea kukaa nao, akiwapapasa kwa mijeledi yake. Kiumbe wa namna hiyo si wa kutiwa moto.

Lakini kijana asema pia ameahidiwa fedha na mtu wa Ulaya. Hapo ajihadhari. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu vijana 2 wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa ajili ya sisimizi wapatao 5,000 waliotiwa katika vichupa. Kabla ya kuuza, hata kabla ya kuendelea kumfuga, na aulize Shirika la Wanyamapori la Kenya habari za kibali.

Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yana idara ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Mdudu akifa, atiwe katika spiriti pamoja na kikaratasi chenye tarehe na jina la mahali alipookotwa. Kiandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka.