Njia ya Mwongo Ina Hatua 300

Mwezi wa kumi mwaka jana nilipata alama 94 kati ya 100 katika mtihani wa mbwa wa kufuata nyayo, huku Ujerumani ninakosoma. Watu wa klabu walipiga makofi. Mwamuzi alinipa mkono, nikapewa karatasi yenye muhuri, nikapigwa picha nimechuchumaa, mbwa kando yangu. Niliituma picha hiyo kwenye kundi la familia la WhatsApp. Sijawahi kupongezwa vile, hata siku nilipopata ufadhili.

Alama zile ni za uongo. Nitaeleza uongo wenyewe ulivyofanyika, kisha nitagombana na wanaosema haukuwa uongo, kwa sababu wapo, ni wengi, na baadhi yao ndio walionifundisha.

Mbwa si wangu. Anaitwa Frieda, jike wa aina ya German Shepherd, wa mama mwenye nyumba ninayoishi. Mama huyo alimlea tangu kitoto na alikuwa anamwandaa kwa mtihani huo alipofanyiwa upasuaji wa goti. Shamba lililolimwa halitembeleki kwa magongo. Akaniomba nimshikie kamba. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo. Alisema mtu anayelipwa kutazama udongo hashindwi kutembea na mbwa anayeunusa. Nikakubali, naye akanipunguzia kodi.

Nilipompigia mama yangu Morogoro, habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unasomea mbwa."

"Ni wa mama mwenye nyumba. Namfundisha kufuata nyayo. Akinusa vizuri analipwa soseji."

Akanyamaza kidogo. "Soseji? Wenzake wa huku wanalipwa mawe."

Alisema kweli. Mtaani kwetu mbwa alifungwa mchana, akafunguliwa usiku, akala ugali wa jana na mifupa, na akikosea alipigwa teke. Sikumbuki aliyewahi kulipwa kwa kufanya sawa. Ndiyo maana siku za mwanzo klabuni niliduwaa kama mtoto aliyepelekwa mjini.

Mafunzo yanaanza hivi. Unakanyaga kipande cha nyasi chenye ukubwa wa mkeka mdogo, unakikanyaga chote hadi nyasi zilale, unatawanya humo vipande vya soseji vidogo kama punje za mahindi. Mbwa anaingizwa. Pua yake inajifunza kwamba palipokanyagwa pana chakula na pasipokanyagwa hapana. Baadaye unatembea mstari mnyoofu na kuweka kipande kimoja ndani ya kila unyayo. Kisha kila unyayo wa pili, wa tano, wa ishirini. Nyasi zilizopondwa na udongo uliovurugwa vinatoa harufu, na juu yake ipo harufu ya mtu mwenyewe, maana kila tunapopita tunadondosha vijichembe vya ngozi. Njiani unaweka pia vitu vidogo, kipande cha ngozi, cha mbao, cha kitambaa. Mbwa akikikuta analala, kitu kikiwa katikati ya miguu ya mbele, nawe unamwendea na kumlipa pale pale.

Kwa nini soseji iwe ndani ya unyayo na si mwisho wa safari? Kwa sababu mbwa anayesubiri malipo mwishoni hukimbilia mwishoni. Ananyanyua kichwa, anapitiliza kona, anakisia. Anayelipwa ndani ya unyayo hana haraka, kwani kila hatua ina thamani yake. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu hutunzwa akiwa bado uwanjani. Sehemu hii ya mchezo naipenda hadi leo, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanza kwenye mtihani. Kwa kanuni tunazozifuata, ngazi ya kwanza ina njia ya hatua 300, kona mbili na vitu viwili, nayo inaachwa ikae dakika 20. Chakula hakiruhusiwi. Mbwa anatangulia, mtu anafuata nyuma mwisho wa kamba ya mita 10. Na anayeikanyaga njia hiyo ni yule yule atakayeshika kamba.

Yaani mimi. Nilitembea hatua zangu 300 asubuhi ile, nikitazama mti mmoja mbele ili mstari usipinde, nikakata kona ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Dakika 20 baadaye nikarudi na Frieda kumwuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye soli za viatu vyangu.

Kona ya kwanza alikata vizuri. Kwenye ya pili upepo ulikuwa umebadilika, au umande ulikuwa umekauka, sijui. Alipitiliza. Hatua moja, mbili, tatu, pua chini, akielekea kusikokuwa na kitu. Kanuni zinakataza kumsaidia mbwa, na mwamuzi akiona anakata alama. Sikusema neno. Sikuvuta. Nilisimama tu, na kamba ambayo ilikuwa imelegea ikakaza kiasi cha uzi wa kushonea. Frieda aligeuka kulia, akaikuta njia, akaenda hadi mwisho.

Mwamuzi hakuona. Au aliona mbwa mwerevu aliyejisahihisha. Alama 94.

Wiki mbili baadaye mwenzetu mmoja alinikanyagia njia kwenye shamba nisilolijua, asinieleze inakokwenda. Ngazi ya pili ndivyo ilivyo, njia hukanyagwa na mtu mwingine, na tulitaka kuanza mazoezi yake. Frieda alianza vizuri. Alipofika mahali ambapo harufu ilikatika, alisimama. Hakuzunguka kutafuta. Aliinua kichwa, akageuka, akanitazama.

Nimewahi kutazamwa vile. Nimetazama vile mimi mwenyewe, shule ya msingi, tukiwa sitini darasani. Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Nasi tunajibu kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" Hatukuwa tumeelewa. Tulikuwa tumesoma uso wake, na jibu lile ndilo lililotupa mapumziko. Asiyeitika alibaki amesimama. Tulifaulu kufurahisha, na kwa miaka kadhaa nilidhani huko ndiko kufaulu.

Frieda hakuwa amepoteza pua. Alikuwa amejifunza, kwa miezi ya kunifuata kwenye njia ninazozijua, kwamba harufu ikiwa ngumu jibu linapatikana kwenye kamba. Nami ndiye niliyemlipa kwa hilo. Kila alipoyumba nikakaza kidogo, kisha akarudi njiani akakuta soseji, nilikuwa nimenunua kwa kipande cha nyama imani yake kwa mkono wangu badala ya pua yake.

Niliposimulia haya klabuni, mzee mmoja aliyefundisha mbwa miaka mingi alicheka. Kila mtu hufanya hivyo, alisema. Mwingine akasema tatizo ni soseji: mbwa akizoea ujira hafanyi kazi bila ujira, afundishwe kutii kwanza. Wa tatu akasema huu ni mchezo tu. Nitawajibu mmoja mmoja.

Kwamba kila mtu hufanya hivyo, sikatai. Wajerumani wenyewe walishaonywa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin ilikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyedaiwa kujua hesabu. Aliulizwa, akajibu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza siri: farasi alishindwa kila alipoulizwa na mtu asiyejua jibu. Alikuwa akisoma vichwa na mabega ya watu. Mwenye farasi hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio walilolifanya ndani ya kanisa, kwa jozi 18 za mbwa wa kunusa na washika kamba wao. Hakukuwa na dawa za kulevya wala baruti humo ndani. Washika kamba waliambiwa kwamba karatasi nyekundu zinaonyesha palipo na harufu. Waliripoti zaidi ya mara 200 kwamba mbwa wao wamepata kitu, hasa penye karatasi. Watafiti walificha hata soseji mahali pengine kuwapima mbwa, lakini kilichowavuta zaidi ni imani ya watu. Hao walikuwa mbwa wa kazi, wenye mafunzo na vyeti. Kwa hiyo, mzee wangu, kila mtu kufanya hivyo ni sababu ya kubadilisha kanuni.

Kwamba soseji ndiyo tatizo, nakataa kabisa. Nimetoka kwenye mtaa wa mawe na mateke, najua mbwa anayetii anavyofanana. Anakutazama muda wote, na mbwa anayekutazama muda wote hanusi. Ukiondoa chakula ukaweka woga, hujamfanya mkweli. Utakuwa umembadilishia sarafu, na bado unanunua kitu kile kile, yaani kukubaliwa. Ujira hauna kosa. Lililo muhimu ni unalipia nini.

Jibu la hilo nilikuwa nalo miaka yote, nyumbani. Shahada ya kwanza nilisoma SUA, Morogoro, ambako tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu kwenye makohozi. Panya anapitishwa juu ya safu ya sampuli, akitambua harufu anashikilia pua juu ya tundu kwa sekunde chache, kidude kinalia tik, anapewa chakula cha ndizi. Wakati wa kazi yenyewe, sampuli ambazo tayari zinajulikana kuwa na vimelea huchanganywa na zile ambazo hakuna anayezijua. Panya hulipwa kwa zile zinazojulikana peke yake. Akionyesha isiyojulikana hapewi kitu, na sampuli hiyo inapelekwa kuthibitishwa maabara. Mtu halipii asichokijua, wala hamsukumi panya aseme anachokitaka. Nilipita pale mara nyingi nikienda kula, nikidhani ni habari ya panya.

Hapa ndipo wenzangu wananibana kwa hoja yao bora. Anayefundisha lazima aijue njia, wanasema, la sivyo atalipa makosa. Ni kweli. Lakini hakuna anayelazimisha ajuaye awe ndiye ashikaye kamba. Mtu wa tatu akanyage njia, afuate nyuma kwa mbali, na mbwa akikata kona sawasawa apige filimbi. Mimi nikisikia filimbi nalipa. Nisiposikia, nanyamaza na mkono wangu unanyamaza. Siku nyingine, kwa mbwa mchanga, nishike njia ninayoijua. Kujua kwa ajili ya kufundisha kunafaa. Kujua siku ya mtihani ni kubeba majibu mfukoni. Marekani, mtihani wa kwanza wa nyayo wa AKC unakanyagwa na mgeni, mshika kamba haijui njia, na hakuna alama 94 wala 70. Kuna kufaulu au kutofaulu. Kwa hiyo haiwezekani si jibu.

Na kwamba huu ni mchezo tu. Kwetu Tanzania, na kwa jirani zetu Kenya, askari wa wanyamapori wanafuata nyayo za majangili nyuma ya mbwa. Huko mshika kamba hana mti wa kuutazama wala hatua alizozihesabu asubuhi. Mbwa akigeuka kumwuliza, hana la kumjibu. Frieda hatakwenda huko, najua. Lakini Frieda hajui kwamba anacheza. Kwake yeye kuna nyayo, kuna mimi, na kuna swali la nani aaminiwe. Nilimjibu vibaya, nikapewa cheti.

Nataka ngazi ya kwanza ya kukanyaga njia yako mwenyewe ifutwe. Nataka klabu ziweke siku moja katika wiki ambayo hakuna mshika kamba anayejua njia. Na nataka tuache kuwapigia makofi mbwa wanaotazama nyuma.

Nilimweleza mama mwenye nyumba yote, na kamba nikamwonyesha ilivyokaza. Alisikiliza, akaniuliza kama kodi niliyopunguziwa nairudisha. Nilidhani anatania. Hakutania, nimeirudisha. Cheti hakimo tena ukutani.

Sasa mjukuu wake ndiye anayetukanyagia njia, mtoto wa miaka kumi na mbili anayependa kona kuliko walimu wote wa klabu. Jumamosi iliyopita Frieda alifika kwenye kona, akasimama, akageuka kunitazama. Niliachia kamba ikalala chini, nikamgeuzia mgongo. Kulikuwa na baridi na sikuwa na hakika ya lolote. Nilihesabu hadi arobaini na kitu kabla sijasikia kamba ikianza kuburuzwa kwenye nyasi. Kisha, kutoka mbali, filimbi ya mtoto.