HERUFI MOJA YATOSHA

Katika tawi lolote mtu akitoa ada yake bila kupewa risiti yenye muhuri, atapiga kelele mpaka mwenyekiti atoke nje. Ndivyo ipasavyo. Lakini mtu huyo huyo akiletewa katika simu yake anwani ya intaneti yenye jina la Chama, haulizi muhuri uko wapi. Hubonyeza tu.

Yaliyowapata wenzetu yatufungue macho. Mwaka 2016 wafuasi wa chama cha Democratic huko Marekani walikuwa wakichanga fedha kwa njia ya ActBlue. Mwezi wa Juni ikasajiliwa anwani actblues.com, yaani s moja tu imeongezwa mwishoni. Kisha wezi, kwa maneno ya siri waliyokwisha kuyaiba, wakaigeuza tovuti ya kamati moja ya chama hicho, hata aliyekuja kuchanga akapelekwa kwenye anwani ile ya bandia. Hati ya mashtaka ya Julai 2018 iliwashtaki maofisa 12 wa upelelezi wa jeshi la Urusi kwa mambo hayo na mengineyo, Urusi imekana. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Ufaransa, ikaonekana anwani onedrive-en-marche.fr, iliyotegwa kwa watu wa chama cha Emmanuel Macron. Hapo hata herufi haikubadilishwa. Jina la chama limebandikwa pembeni ya neno ambalo kila karani analijua.

Sasa iko programu iitwayo dnstwist, kazi ya Marcin Ulikowski wa Poland, iliyotolewa mwaka 2015. Ukiipa anwani yako ya kweli, huipindapinda kama mwizi angalivyofanya. Chukua neno "chama". Itaondoa herufi, iwe "cama". Itazipishanisha, iwe "cahma". Itaweka r na n mahali pa m, iwe "charna", ambayo kwenye kioo kidogo cha simu hata mwalimu wa imla hupita bila kuiona. Hutumia na herufi ya Kirusi yenye sura ileile ya a yetu, na kubadili mwisho wa anwani pia. Hupatikana majina mamia, hata maelfu. Kisha huuliza katika daftari za intaneti ni yapi kati yake yamekwisha kusajiliwa, na ikitakiwa hulinganisha kurasa zake na zako kuona kama zimenakiliwa.

Lakini jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni la barua. Programu hii huonyesha kama jina la bandia limewekewa mtambo wa kupokea barua pepe. Jina la namna hiyo laweza lisiwe na ukurasa wowote, likatulia tu likingoja. Katibu wa wilaya akikosea herufi moja anapotuma orodha ya wanachama wake, barua hairudi. Imefika, ila kwa mtu mwingine.

Wako watakaosema hii ni kazi ya wataalamu na yataka fedha nyingi. Si kweli. Programu yenyewe ni ya bure. Kijana mmoja wa Umoja wa Vijana aliyezoea kompyuta aweza kuiendesha kila juma. Kazi ngumu ni kuisoma orodha, maana si kila jina lifananalo ni la mwizi. Pengine ni la mwenye duka aliye na haki yake. Na jina lililobuniwa mbali kabisa na letu programu haitalikamata. Majina ya karibu sana Chama kiyanunue chenyewe. Yaliyokwisha kuchukuliwa na matapeli, wasajili waandikiwe mara moja na matawi yaarifiwe.

Tuseme na la kwetu, ingawa litawaudhi wengine. Tumeona matawi yakijifungulia kurasa za michango kwa majina yanayoyapenda, bila kuyaambia makao makuu. Ikiwa Chama chenyewe hakina daftari la anwani zake za kweli, mwanachama wa kijijini atawezaje kuitambua ya uongo? Na hiyo programu tutaipa anwani ipi?

Daftari hilo liandikwe mwezi huu, na orodha ya kwanza ya majina ya bandia iwe mezani kwa Katibu Mkuu kabla michango ya mkutano mkuu haijaanza kupokelewa.