Kisukari cha Watoto: Tusimlaumu Mama, Tupime Sukari

Mtoto anapogundulika na kisukari, mzazi hujiuliza: je, ni ile homa ya juzi? Majirani nao hawakosi jibu: uchafu wa nyumba, au karogwa.

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inapogeuka na kuziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Wataalamu wanashuku kuwa virusi huchochea hali hiyo. Utafiti wa TEDDY, uliofuatilia watoto wa Marekani, Ufini, Ujerumani na Uswidi, ulionesha mwaka 2019 kuwa enterovirusi B zilizokaa mwilini muda mrefu zilitangulia shambulio hilo kwa baadhi ya watoto. Virusi hivi huenea kwa kinyesi, mikono na maji.

Basi ni uchafu? Hapana. Ingekuwa hivyo, Ufini yenye maji safi isingeongoza duniani, ikiwa na wagonjwa wapya zaidi ya 50 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, kati ya 1982 na 1991, walihesabiwa 1.5 tu. Hata tukikubali kuwa wapo wetu waliofariki bila kupimwa, pengo hilo ni kubwa. Urithi nao una nafasi yake, na virusi peke yake havitoshi.

Kwa hiyo tunawe mikono kwa sabuni na tuwapeleke watoto chanjo ya surua na rubela, iliyoanza nchini mwaka 2014. Rubela ikimpata mjamzito, mtoto wake huweza kuja kuugua kisukari. Lakini mama asinyooshewe kidole. Ugonjwa huu wenyewe hauambukizi.

Kinachoua ni kuchelewa. Mtoto anakunywa maji mfululizo, anakonda, anaanza tena kukojoa kitandani. Kisha anatapika na kuhema kwa kasi. Tunasema malaria. Ukiwa Pasua, Kibosho au Marangu, sema wazi zahanati: "Naomba apimwe sukari." Ni tone moja la damu ya kidoleni. Ikiwa juu, siku hiyo hiyo aende Mawenzi au KCMC.

Insulini ni ya kila siku, na hakuna dawa ya mitishamba inayoshika nafasi yake. Hata Ramadhani sindano isiachwe. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga katika Suratul Baqara, aya ya 184.

Allah awahifadhi watoto wetu. Amin.