Kukaza mwili bila kukonda

Mama wa watoto wawili anapanda mizani kliniki siku ya kumpeleka mdogo chanjo. Kilo 60, zilezile za mwaka jana. Si mnene, ila mikono imelegea, tumbo halijakaza tangu uzazi wa mwisho, na akimbeba mtoto hadi ghorofa ya tatu anafika juu akihema. Anataka kukaza mwili. Anachoogopa ni kukonda, maana akipungua kilo tatu tu, majirani na mawifi wataanza kuulizana kama anaumwa.

Hofu hiyo ina msingi. Wengi wanajua njia moja tu: kukimbia asubuhi na kuruka chakula cha usiku. Njia hiyo hupunguza uzito kweli, lakini sehemu ya kinachopotea ni misuli yenyewe. Anayetaka kubaki na kilo zake anahitaji kinyume chake, yaani kuipa misuli kazi nzito na kuilisha.

Kwa ujazo uleule, msuli ni mzito kuliko mafuta. Mtu anaweza kupoteza mafuta kidogo, akaongeza msuli kidogo, mizani ikabaki palepale huku sketi ikilegea kiunoni. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Futi kamba ya fundi cherehani, mara moja kwa mwezi, kiunoni, pajani na mkononi, itasema zaidi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Gym si lazima. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5. Begi la shule lenye pakiti tatu za unga wa kilo 2 lina kilo 6. Mzazi achuchumae na kuinuka akiwa amelikumbatia begi. Apige pushapu akiegemea ukuta, baadaye meza imara, mwisho sakafuni. Ainame, mgongo ukiwa umenyooka, alivute dumu kuelekea mbavuni. Kila zoezi mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu, na zile mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Zikiwa rahisi, uzito uongezwe.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kila siku atasema kazi za nyumbani zinamtosha. Nguvu anayo, hakuna ubishi, lakini mwili umeizoea ndoo hiyo kwa miaka, na mzigo uliozoeleka hauongezi msuli. Wapo pia wanaohofia kuota kifua cha mbeba vyuma. Mwanamke ana homoni ya testosteroni kidogo mno kwa hilo kutokea kwa begi la unga.

Kati ya siku moja ya mazoezi na nyingine iwepo ya kupumzika. Usingizi nao unahitajika, ingawa mwenye mtoto mchanga atacheka akisoma hivyo.

Ugali na wali visikatwe. Kinachoongezwa ni protini katika kila mlo, badala ya kungoja nyama ya Jumapili: mayai mawili yana gramu 12 hivi, na kuna maharage, choroko, dagaa, maziwa na karanga. Mizani ikishuka wiki mbili mfululizo, kiongezwe kikombe cha uji wa maziwa saa nne asubuhi.

Aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, asubiri ruhusa ya daktari. Mwenye presha naye aulize kwanza, na asibane pumzi anapoinua.

Umbo huchukua miezi miwili au mitatu kubadilika. Nguvu huja mapema zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuitumia misuli iliyopo kabla mipya haijajengeka. Mama yule ataligundua hilo ngazini, mtoto akiwa mgongoni, atakapofika ghorofa ya tatu na bado ana pumzi ya kumsalimia jirani.