Masomo Mengi, Bahari Moja

Wahenga walinena ya kwamba elimu ni bahari. Wengi hulisema neno hili kwa kuwa wamelisikia, wala hawafikiri kwamba bahari, ijapokuwa ina majina mengi ya ghuba na milango, maji yake ni yale yale. Mvuvi atokaye Bandari ya Kale alfajiri hakuti mstari uliochorwa majini kumwonya kuwa hapa ni pengine. Lakini mtoto aendaye skuli huikuta elimu imekatwa vipande. Kila kipande kimepewa dakika 40, na kengele ikilia kimoja hufungiwa mkobani na kingine hutolewa. Basi si ajabu akidhani kwamba vipande hivyo havijuani.

Kijana mmoja wa mtaa wa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, alidhani hivyo kwa miaka miwili mizima. Alikuwa mwanafunzi wa mkumbo wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985 na ambao wanafunzi wake wa mwisho waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024. Katika mfumo huo Kiingereza, Kiswahili na Hesabu yalikuwa ya lazima, lakini mwanafunzi alipomaliza Kidato cha Pili aliruhusiwa kuyaacha baadhi ya masomo mengine. Hapo ndipo penye njia panda, maana somo likishaachwa si rahisi kulirudia.

Kijana huyu alipenda Historia kuliko yote. Jiografia aliiweza, na katika Elimu ya Dini ya Kiislamu hakuna aliyemshinda. Fizikia ilimwelemea. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka alipata alama 23 katika 100, na karatasi ya kuchagua masomo ilipotolewa, aliifurahia kama mfungwa aliyesikia tangazo la msamaha. Wenzake walikwisha kufuta Fizikia. Mwalimu wa darasa hakumzuia.

Nyumbani neno hili halikuwa jepesi. Mama yake hukanda unga wa mahamri kabla ya adhana ya alfajiri, na mahamri hayo ndiyo yaliyolipa karo. Hakujua Fizikia ni kitu gani, ila alitaka cheti kizuri, na somo la alama 23 haliwezi kukipamba cheti. Mjomba wake, afanyaye kazi Kilindini, alikuwa na maoni mengine. Alisema kwamba kijana wa Mombasa aiachaye Fizikia hujifungia kwa mkono wake milango ya uhandisi, ya umeme na ya mitambo, na bandarini kazi za namna hiyo ni nyingi. Kijana aliwasikiliza wote wawili kwa adabu, na moyoni akashikilia lake. Karatasi ilitakiwa irudishwe siku ya Jumatatu.

Ijumaa jioni alikaa barazani na babu yake, mzee aliyevua samaki tangu ujana wake. Mzee akamwambia, “Kesho utanisaidia kukalafati dau la jirani. Usilale sana. Maji yatapwa saa nne hivi.”

“Wajuaje, babu?”

“Leo mwezi ni wa kumi na tano. Huu ni wakati wa bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na kupwa kwake hapa kwetu ni kati ya saa nne na saa tano za asubuhi.”

“Na Jumapili?”

“Ongeza saa moja kasoro. Bamvua huipunguza, maji mafu huizidisha, lakini ukihesabu mwezi mzima ni saa moja kasoro.”

Kijana akatazama jedwali la maji katika simu yake, akaona kuwa mzee hakukosea ila kwa dakika chache. Likamjia swali ambalo hakuna mtihani uliowahi kumwuliza: kwa nini iwe saa moja kasoro, wala si nusu saa au saa mbili? Babu alicheka, akasema kwamba yeye aliachiwa hesabu hiyo na baba yake, na sababu yake hakuachiwa.

Jumamosi, walipokuwa wakishindilia pamba na mafuta katika nyufa za dau, kijana aliendelea kuwaza. Alijua kutoka darasa la dini ya kuwa mwezi mwandamo huwa mara siku 29, mara siku 30. Alijua kutoka Jiografia ya kuwa tangu mwezi kuandama hata kuandama tena hupita siku 29 na nusu, kwa kadiri, na ndiyo sababu ya miezi kutolingana. Jioni akachukua kalamu. Ikiwa mwezi huchelewa kidogo kila siku mpaka uzunguke na kurudi mahali pake mbele ya jua, basi kwa mzunguko mmoja huchelewa siku moja nzima, yaani dakika 1,440. Akazigawa kwa 29 na nusu. Jibu likatoka karibu dakika 49. Ile ndiyo saa moja kasoro ya babu yake.

Hakuna aliyemtaka afanye hesabu hiyo, wala hakuna atakayempa alama kwa ajili yake. Hata hivyo alilala akiwa na furaha ambayo hakuijua katika miaka miwili ya Fizikia.

Jumatatu asubuhi, karatasi ya masomo ikiwa mfukoni, alimwonyesha mwalimu wa Fizikia kazi yake. Mwalimu aliisoma mara mbili, kisha akasema, “Vizuri. Lakini vitabu husema dakika 50 na nusu hivi, kwa wastani. Wewe umepoteza dakika moja na nusu. Imeanguka wapi?”

Kijana akaduwaa. Mwalimu akamwuliza, katika siku 29 na nusu jua hupita juu ya Mombasa mara ngapi? Mara 29 na nusu. Na mwezi, ambao kila siku huchelewa hata mwisho umechelewa siku nzima? Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, “Mara 28 na nusu.” Basi zile dakika 1,440 hapana budi zigawanywe kwa safari za mwezi wenyewe, ambazo zimepungua moja. Akagawa tena kwa 28 na nusu, akapata dakika 50 na nusu.

Mwalimu akamweleza yaliyobaki kwa maneno machache. Mwezi huvuta maji ya bahari, na jua pia huyavuta, ila nguvu yake ya kuyajaza na kuyapwesha maji ni ndogo zaidi kwa sababu ya umbali wake. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, dunia, mwezi na jua huwa katika mstari mmoja, nguvu zao huungana, na hiyo ndiyo bamvua. Mwezi uwapo nusu, kila kimoja huvuta upande wake, nguvu hupingana, na hayo ndiyo maji mafu. Somo lile lile lilikuwa limefundishwa darasani chini ya jina la “mvutano”, kwa mfano wa tufaha lililoanguka katika bustani ya Uingereza. Kijana alikuwa ameliandika daftarini, akalisahau.

Mchana, njiani kurudi Kuze, alizunguka kupitia Ngome ya Yesu, mahali alipokuwa amepita mara elfu. Ngome hiyo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, na Waarabu wa Oman wakaizingira tangu mwaka 1696 hata wakaitwaa mwaka 1698. Hayo yalikuwa mali yake, maana ni Historia. Lakini alikumbuka habari ya merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa hayo. Kuanzia mwaka 1977 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale walishuka chini kuichunguza, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho ya Ngome.

Akajiuliza, ni somo gani lililoileta juu habari ile? Mpiga mbizi hana budi kujua kwamba kila mita 10 za kina humwongezea mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yake akiwa nchi kavu. Asiyejua hilo hufa. Hiyo ni Fizikia. Ubao ulioloa maji ya chumvi kwa miaka 280 ukiachwa ukauke juani hupasuka na kusinyaa, hata haufai kitu, ila ukitunzwa kwa dawa. Hiyo ni Kemia. Na merikebu ilikuja kufanya nini, na nani aliyeituma, ni Historia. Somo alilolipenda lilikuwa limebebwa mabegani na somo alilotaka kulifuta.

Mtu akishafunguka macho namna hiyo, kila ukuta humsomesha. Majumba mengi ya kale ya mji ule yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe likichomwa tanuuni hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa. Chokaa ikitiwa maji na kupakwa ukutani huivuta tena hewa ile ile polepole, hata ikarudi kuwa jiwe. Fundi wa kale hakuiita Kemia, lakini ukuta wake ungali umesimama. Na Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mashairi yenye mizani 16 katika kila mshororo, 8 upande huu na 8 upande huu. Asiyeweza kuhesabu hawezi kutunga.

Hapa yafaa kumtaja mwanafunzi mwingine wa Mombasa. Ali Al'amin Mazrui alizaliwa mjini humo mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alifanya mtihani wa Cambridge, na matokeo yake hayakutosha kumwingiza Chuo cha Makerere. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, akapata shahada Manchester mwaka 1960, Columbia ya Marekani mwaka 1961, na Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile ikampokea, safari hii akiwa profesa. Kazi iliyomtangaza zaidi duniani, filamu zake za mwaka 1986 kuhusu Waafrika na urithi wao wa aina tatu, yaani wa Kiafrika, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, hazikuwezekana kwa mtu wa somo moja. Zilitaka siasa, historia, dini na lugha vikae baraza moja. Alifariki mwaka 2014, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Ngome ya Yesu.

Asidhani mtu kwamba kisa hiki chamfundisha kila mtoto ashike masomo yote. Siku ina saa 24 kwa tajiri na kwa maskini, na nguvu za mtoto zina mwisho. Kuchagua ni lazima, na kila achaguaye huacha. Lakini kuna kuacha kitu ulichokijua ukaona si chako, na kuna kuacha kitu ambacho hamjapata kuonana. Kwa miaka miwili kijana yule na Fizikia walikaa nyumba moja bila kuamkiana.

Aliirudisha karatasi siku ile ile, na neno Fizikia lilikuwamo, limeandikwa kwa mkono wake. Mama yake alisikitika kidogo, kisha akanyamaza. Mjomba alijisifu kwamba yeye ndiye aliyeshinda, wala hakuna aliyemkanusha. Katika mtihani uliofuata kijana alipata alama 41. Si alama ya kupigiwa vigelegele, na kazi iliyo mbele yake bado ni kubwa. Babu alipoelezwa habari ya dakika 50 na nusu, alitafakari kitambo, akasema, “Basi skuli imenisadiki.”

Mdogo wa kijana huyo yumo katika mtaala mpya, na swali hilo litamfikia mapema kwa sura nyingine, maana sekondari ya juu, iliyoanza Januari 2026, ina njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Mzazi atakayeletewa karatasi ya namna hiyo aitie sahihi yake hali amekwisha kumwuliza mtoto neno moja: somo hili unalotaka kuliacha, umewahi kukutana nalo wapi nje ya darasa? Akikosa jibu, na wafuatane kwanza hadi ufukweni maji yakiwa yamepwa, wakae na mzee mmoja ajuaye tarehe za mwezi.