Mashine Mmenunua, Nani Atamlaza Mtoto?

Wadau, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Kila nchi ya Afrika Mashariki inaponunua mashine ya mionzi ya kutibu saratani, sherehe huwa ile ile. Utepe, mkasi, waziri, kwaya, na wapiga picha wamejipanga kama wanasubiri maharusi watoke kanisani. Kesho yake magazeti yanatuambia mabilioni yaliyotumika na wagonjwa wangapi watahudumiwa kwa siku. Sina ugomvi na mashine. Ocean Road ilipopata Linac mwaka 2018 nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Ila kuna swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye hafla hizo: mtoto wa miaka miwili akiwekwa juu ya ile meza, nani atamlaza usingizi?

Hebu tuelewane kwanza nini kinatokea mle ndani. Chumba cha mionzi kina kuta nene kweli kweli. Mgonjwa akishapangwa mezani, watu wote hutoka: daktari, muuguzi, hata mama mzazi. Mlango unafungwa, mgonjwa anabaki peke yake na mashine. Mionzi yenyewe haiumi. Kinachotakiwa ni kutulia tuli, maana boriti imelengwa kwa hesabu za milimita. Kama uvimbe uko kichwani, uso hufunikwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa joto kufuata sura ya mgonjwa, kisha kinabanwa kwenye meza. Mimi na wewe tungemeza mate tukavumilia. Sasa mtoto wa miaka miwili, mama katoka, uso umebanwa, mlango mzito unafungwa. Atatulia?

Akitingishika, mionzi inakosa uvimbe na kwenda kwenye jicho, kwenye shina la ubongo, kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana watoto walio chini ya miaka mitatu karibu wote huhitaji dawa ya usingizi, ile tunayoiita mtaani nusu kaputi, na wengi wa hadi miaka mitano au sita pia.

Na si mara moja! Hapa ndipo watu wengi hawajui. Upasuaji unalazwa mara moja, yamekwisha. Mionzi ni kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mtoto mwenye uvimbe wa figo uitwao Wilms anaweza kumaliza kwa siku 6. Mwenye medulloblastoma, uvimbe wa nyuma ya ubongo, ni takriban siku 30, yaani wiki sita. Siku 30 za kulazwa, siku 30 za kuamshwa, na siku 30 za kushinda njaa kwanza, maana chakula kinakatazwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2 (siku hizi hospitali nyingi za Ulaya zimeshusha maji hadi saa 1, na mimi nauliza sisi tunasubiri nini).

Niliwahi kumwona mama mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, kakaa benchi na mwanawe tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto analilia uji. Mama anageuka ukutani ili asimwone akilia. Saa sita mchana anaambiwa mtaalamu wa usingizi kaitwa haraka chumba cha upasuaji, kuna mzazi anavuja damu, rudi kesho. Umlaumu nani hapo? Yule mtaalamu alikwenda kuokoa maisha mawili. Mashine ilikuwa nzima, umeme upo, dawa ipo. Mtu alikuwa mmoja.

Utasema, siku moja tu, kuna ubaya gani? Ubaya upo. Utafiti wa Ulaya uitwao PNET-3, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watoto wa medulloblastoma waliomaliza mionzi ndani ya siku 50 walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko waliochelewa. Seli za saratani haziendi likizo kungoja mtu wa usingizi apatikane. Kwa hiyo ile "rudi kesho", ikirudiwa mara tano, mara kumi, inakula uhai wa mtoto kidogo kidogo, na hakuna cheti cha kifo kitakachoandika hivyo.

Mnakumbuka Mulago, Uganda? Mwaka 2016 mashine yao pekee ya kobalti ilikufa kabisa, dunia nzima ikaandika, mpaka mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Vizuri. Lakini mashine ikiwa nzima na hakuna wa kumlaza mtoto, kwa mtoto yule ni sawa na mashine iliyokufa. Tofauti ni kwamba hii haina picha ya kuweka ukurasa wa mbele.

Sasa tuje kwenye hesabu. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi, WFSA, linataka angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Tanzania, Kenya na Uganda hazifikii hata 1. Mzigo unabebwa na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, watu ambao hakuna anayewajua majina. Na kuwalaza watoto wa mionzi ni kazi ya roho mkononi: ukishamlaza unatoka chumbani, unamwangalia kwenye kamera, unasoma oksijeni yake na pumzi yake kwenye kioo, ukiona imeshuka unasimamisha mashine na kukimbia ndani. Kamera ile na vipimo vile vinatakiwa viwepo kabla mtoto hajaingia. Vimo kwenye bajeti ya mashine? Ulizeni.

Kuna jibu nimelisikia mara mbili tatu, tena kutoka kwa wasomi: watoto wetu wamezoea shida, mfunge kanga vizuri, atanyamaza. Jamani! Mtoto anayenyamaza baada ya kufungwa hajatulia, amekata tamaa. Na kesho yake akiliona lile jengo tu anaanza kutetemeka.

Jibu la pili lina akili zaidi: dawa za usingizi mara nyingi hivyo hazitaharibu ubongo? Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa hizi zikitumika mara kwa mara au kwa zaidi ya saa 3 kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Onyo hilo ni la haki. Ila usingizi wa mionzi ni wa dakika chache, na mbadala wake hapa ni saratani yenyewe. Kinachofuata kutoka kwenye onyo lile ni kumpa kazi hii mtu aliyebobea, na kuwapunguza wanaolazwa bila sababu.

Kupunguza inawezekana, na kwa bei ya chee. Mtoto wa miaka mitano anaweza kupewa kinyago akachezee nyumbani, akamvisha mdoli, akatembelea chumba kabla, akasikilizishwa sauti ya mama kwenye spika mashine ikifanya kazi. Wengi hufaulu bila sindano yoyote. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye muda na moyo. Lakini usimpelekee mtoto wa miezi kumi na minane habari za mdoli. Huyo anahitaji dawa na mtaalamu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone. Nchi tajiri zimepita 80, maskini ziko chini ya 30. Serikali zetu zinaipenda hiyo 60, huitaja kwenye hotuba.

Basi hafla ijayo ya kukata utepe, mwandishi mwenzangu utakayekuwa mstari wa mbele, achana na swali la mabilioni. Muulize mheshimiwa nani ameajiriwa kulaza watoto Jumatatu, nani Jumanne, na yule wa Jumatano akiugua malaria, nani anakuja badala yake. Omba majina ya kada zao na tarehe ya kuanza kazi.

Akianza kukohoa, usizime kinasa sauti.