Wikiendi mlimani Amani: Jiko la mkaa libaki nje

Ulaya na Marekani, msimu wa baridi ukifika, familia nyingi hutafuta mlima mdogo usio na foleni ili watoto wateleze kwenye theluji kwa siku mbili kabla ya kurudi shuleni. Tanga hakuna theluji. Mlima mdogo usio na msongamano upo, na kutoka Makorora hauhitaji nauli ya ndege. Ni Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza.

Safari ni ya kilomita zipatazo 70. Basi linapandwa Kange hadi Muheza, kisha linatafutwa gari la kupanda mlimani kwa barabara ya vumbi inayopita msituni. Mvua ikinyesha njia huteleza, hivyo ni vizuri kuanza safari asubuhi.

Huko juu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Watoto wataona vinyonga, mashamba ya chai, na miti kutoka mataifa mbalimbali iliyopandwa na Wajerumani baada ya kufungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Kwa mtoto aliyezoea honi za bodaboda na kuangalia katuni kwenye simu, siku mbili za kutembea msituni ni mazoezi ya kutosha, na usiku atalala bila kubembelezwa.

Hofu ya vichomi

Kinachowazuia wazazi wengi wa pwani ni baridi. Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa Juni hadi Agosti, mtoto aliyezoea kulala na fulana moja Makorora atatetemeka. Ndiyo maana bibi akisikia habari za safari husema mtoto atarudi na vichomi.

Vichomi, yaani nimonia, huletwa na vimelea. Mtoto huambukizwa na mtu anayekohoa au kupiga chafya karibu naye, na moshi wa kuni na mkaa humwongezea hatari kwa sababu hudhoofisha mapafu. Baridi inahitaji sweta na blanketi, lakini yenyewe si sababu ya kufuta safari. Jambo la kuogopa zaidi ni lile ambalo familia hulifanya ili kuikimbia baridi hiyo.

Gesi isiyoonekana

Usiku ukiingia, chumba kikiwa cha baridi, mtu huleta jiko la mkaa ndani. Mlango unafungwa, nguo inazibwa chini ya mlango, na watoto wanalala. Mkaa umeshika vizuri, mwekundu, hautoi moshi, na kila mmoja anaamini ni salama.

Mkaa huo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo ubongo na moyo hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Watoto huathirika haraka kwa sababu hupumua kwa kasi kuliko watu wazima. Kwa mama mjamzito, gesi hiyo humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi mzito. Familia iliyoshinda ndani ya gari kwenye kona za mlima itadhani ni uchovu wa safari, na itarudi kulala. Alama ya kuitambua ni hii: watu zaidi ya mmoja katika chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wanapotoka nje wanapata nafuu.

Ikitokea hivyo, watoeni wote nje kwenye hewa safi mara moja, fungueni milango na madirisha, kisha waende hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Aliyepoteza fahamu alazwe kwa ubavu na msaada utafutwe haraka. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi gesi hiyo kwenye damu, na asiye na fahamu anaweza kupaliwa.

Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko likae nje, hata likionekana limezimika. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala karibu na dirisha la chumba cha kulala.

Joto linapatikana kwa njia nyingine. Mvalishe mtoto nguo nyepesi mbili au tatu badala ya moja nzito, pamoja na soksi na kofia. Sweta la mtumba linatosha. Mbadilishe mara moja akilowa. Mpe uji au chakula cha moto kabla ya kulala, na watoto wakubwa walale pamoja chini ya blanketi moja.

Mtoto mwenye selimundu

Hapa tahadhari iongezeke. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoita, kila mwaka. Kwa mtoto huyu mwinuko wa Amani si wa kumkosesha hewa, lakini baridi, kukosa maji mwilini na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumletea maumivu makali.

Kabla ya safari, mpitishe kliniki anakohudhuria. Beba dawa zake zote za kila siku, za maumivu alizoandikiwa, kadi ya kliniki na kadi ya bima. Mpe maji mara kwa mara hata kama hasikii kiu, kwa sababu kwenye baridi watoto husahau kunywa. Asiogelee kwenye maji baridi ya mtoni. Matembezi yawe mafupi, apumzike kabla hajaomba.

Akipata homa, maumivu ya kifua, shida ya kupumua, kulegea upande mmoja wa mwili au maumivu yasiyotulia kwa dawa, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Kwa hiyo uliza mapema kituo cha afya cha karibu kiko wapi na gari la usiku linapatikana kwa nani.

Chandarua nacho kisiachwe nyumbani. Mbu hupungua kadiri unavyopanda mlima, lakini Amani hawajaisha. Malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu mtu aumwe na mbu hadi homa ianze, hivyo mtoto akipata homa wiki mbili baada ya kurudi, mpime na umweleze mhudumu mlikotembea.

Mkifika nyumba ya wageni, kabla ya kushusha mizigo, mwulize mwenyeji blanketi ni ngapi. Zisipotosha, omba nyingine. Akijitolea kuleta jiko chumbani, mshukuru, na mwombe aliache uani.